Mwanangu na Sauti Yangu ya Zamani

Kwenye benchi la kliniki ya koo watu hawatazamani usoni, wanatazamana shingo. Nilipokaa hapo mara ya kwanza, nikiwa nimejifunga mtandio hadi kidevuni, mama mmoja aliyekuwa pembeni yangu aliniuliza bila hata salamu, "Rovu lako liko kulia au kushoto?" Nikamwambia pande zote mbili. Akanipa pole ya heshima, akasogea nikae vizuri. Ndipo nilipojua kwamba huku milimani kwetu, chini ya mitandio na kola za masweta, wanawake wengi tunabeba kitu tunachokiita "kauvimbe tu".

Naandika haya sasa kwa sababu kovu limefifia, vidonge nimevizoea, na nesi wa kliniki amenisumbua sana niandike kwa ajili ya akina mama wengine, hasa wale wenye watoto kama wangu. Nilimwambia mimi si daktari. Sitaeleza tezi inafanya kazi gani mwilini, maana nilielezwa siku ambayo nilikuwa nimechoka na sikushika hata nusu. Nitaeleza tulivyoishi. Anayetafuta mtu wa kumpa moyo kwa vigelegele, mimi siye. Mimi nimechoka, ila nipo.

Tunaishi karibu na Kwai, mahali pa kabichi, karoti na ng'ombe wa maziwa. Mume wangu, Baba Twaha, ni mkulima na mimi ni mkulima. Tunakaa na mama yake mzazi, ambaye watoto wanamwita Bibi na mimi namwita mama. Watoto wetu ni wawili. Saumu ana miaka sita na hatulii. Hata kula anakula amesimama, na maswali yake hayaishi mpaka usingizi umkamate. Kaka yake Twaha ana miaka kumi na ana usonji. Jina hilo tulilipata kwa mwalimu wa kitengo maalumu shuleni kwao. Kabla ya hapo tulikuwa na majina mengine tuliyopewa na majirani, ambayo sitayaandika.

Twaha tangu mdogo alishika sauti yangu. Maneno anaweza kuyasikia kwa mtu yeyote, lakini baba yake akimwambia "vaa viatu" anamtazama kama vile redio inaongea kwa jirani. Mimi nikisema maneno hayo hayo, kwa mlio ule ule wa jana na juzi, anavaa. Kwa hiyo kila asubuhi nilimsemesha hatua kwa hatua: amka, nawa uso, vaa shati, kunywa uji, vaa viatu, chukua begi. Nikiruka hatua moja anasimama pale pale. Jambo moja tu sikuwahi kuliweza, nalo ni salamu. Kwetu mtoto asiyetoa shikamoo anaonekana hajalelewa, na anayelaumiwa si mtoto, ni mama yake. Nimevumilia macho mengi kwenye misiba na harusi kwa sababu ya shikamoo ya Twaha.

Vuli ile uvimbe ulianza kunibana. Kupanda kutoka shambani na kapu la kabichi nilikuwa napumzika mara nyingi kuliko Bibi, na yeye mgongo umeshapinda. Nikilala chali nasikia kama mtu amenikanyaga koo. Ugali ukawa hauteremki bila maji. Nilikwenda zahanati, nikatumwa hospitali ya wilaya, kule nikapewa rufaa ya kwenda hospitali kubwa ya bondeni, na kote huko kazi ilikuwa ni moja: kukaa kwenye benchi. Nimejifunza mabenchi. Lipo la mbao linalochomoa nyuzi za nguo, lipo la chuma linaloganda asubuhi, lipo la plastiki ambalo mmoja akiinuka wote mnayumba. Daktari wa mwisho akaniambia uvimbe utolewe, na tarehe ikapangwa wakati wa mapeasi. Nitakaa huko wiki kadhaa, akasema, na niandae watu wa nyumbani.

Kuandaa watu wa nyumbani maana yake ilikuwa kumuandaa Twaha. Na Twaha nitamuandaaje kwa kutokuwepo kwa kitu ambacho ndicho kinachomvalisha viatu?

Aliyetuokoa ni Asha, binti wa kaka yangu, anayesoma chuo Tanga. Alikuja likizo na simu yake ya zamani ya kupangusa, kioo kimepasuka kona, akasema, "Shangazi, hii inaongea Kiswahili. Unaiuliza, inakujibu. Unaweza kuipanga imuongoze Twaha." Tukaiweka kwenye rafu ya jikoni, karibu na waya wa sola, Asha akaiamsha, na sauti ya mwanamke ikatoka, safi, isiyo na haraka, ya mtu ambaye hajawahi kupalilia.

Bibi akaja kuitazama. Akaisemesha Kishambaa. "Onga mshi," akaisalimu. Simu ikajibu kwa adabu kwamba haijaelewa, irudiwe tena tafadhali. Bibi akanigeukia mimi. "Hata lugha ya nyumbani haijui, na ndiyo mnataka imlee mtoto?"

Siku za mwanzo ilituletea vituko. Ilikuwa inasoma saa kizungu, kwa hiyo jua ndiyo kwanza linatoka nyuma ya mlima, yenyewe ikatangaza kwamba ni saa saba. Twaha, ambaye saa kwake ni amri, akakaa kwenye mkeka na sahani yake akidai wali wa mchana. Tulimpa kiporo cha jana huku Asha akihangaika kuirekebisha. Saumu yeye aliipenda palepale. Aliiuliza kwa nini kabichi haina mbegu, kwa nini ukungu hauingii ndani ya kabati, na kama nyoka ana magoti. Simu ikajibu yote, na alipouliza tena ikajibu tena. Niliionea wivu ile simu. Mimi kwenye swali la nne huwa nimeshamtuma kuni.

Lakini Twaha hakuisikiliza. Sauti ya yule mwanamke ilimpita kama ya baba yake. Ndipo Asha akasema tuweke sauti yangu. Tukaingia chumba cha viazi, kwa kuwa magunia yanameza kelele, nikarekodi neno moja moja. Twaha akisema "tayari", simu itampa sauti yangu ya hatua inayofuata. Tukaijaribu. Ikasema "vaa viatu", akavaa. Nilikaa chini kwenye gunia nikalia, na Asha akadhani nina maumivu.

Bibi hakuridhika. "Inatoa amri tu," akasema. "Haimsalimu mtu, haisalimiwi. Mtoto anafundishwa kuamrishwa na kitu kisicho na salamu. Mimi nyumbani kwangu sitaki." Na alimaanisha. Kwa hiyo ili amani iwepo tukaongeza salamu. Asha aliipanga hivi: ikifika asubuhi simu inasema kwa sauti yangu, "Twaha, toa shikamoo." Akiitoa, inamjibu, "Marahaba, mwanangu Twaha. Haya, kanawe uso." Hakuna aliyetegemea kitu. Asubuhi ya tatu au ya nne, Twaha akasimama mbele ya rafu, akaweka mikono nyuma, akasema wazi kabisa, "Shikamoo."

Bibi alishika mdomo. Baba Twaha akatoka nje kabisa, akaenda kusimama kwa ng'ombe. Mtoto wa miaka kumi, shikamoo yake ya kwanza. Tukafurahi kama wajinga. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza anamsalimia nani.

Mapeasi yalipoanza kuiva nikateremka bondeni. Kule joto lilinishinda kuliko ugonjwa. Kitanda cha jirani alilala mchuma chai mmoja, Mama Atu, mzaliwa wa Mbeya aliyekuja milimani kwetu kufuata kazi ya mashamba ya chai miaka mingi iliyopita. Yeye alishapasuliwa, akanieleza kila kitu ambacho daktari hakukieleza: kwamba nitaamka na mpira shingoni, kwamba vidole vitachezacheza kwa ganzi, kwamba nisitazame kioo wiki ya kwanza. Yote yalikuwa kweli. Hakuniambia kwamba nitafungua mdomo nimuombe maji na pasitoke kitu, kwa sababu yeye hilo halikumpata.

Daktari alikuja akakaa kitandani, nikajua ni habari mbaya. Daktari akiwa na habari njema huwa anasimama. Akasema uvimbe ulikuwa umeuzunguka mshipa unaoendesha sauti, wamefanya walivyoweza, mshipa umechoka. Sauti inaweza kurudi, inaweza isirudi yote. Tusubiri. Nikaandika kwa kidole kwenye shuka: lini? Hakuweza kuisoma, na mimi sikuwa na nguvu ya kuandika mara ya pili.

Mama Atu akawa mdomo wangu. Mimi nikinyoosha kidole yeye anaita, "Nesi! Huyu wa Lushoto anataka kugeuzwa!" Alinipulizia uji. Alinichana nywele zilizokuwa zinabaki kwenye kitana mafungu mafungu, akayafungia kwenye karatasi ili nisiyaone. Aliporuhusiwa kuondoka aliniachia kanga yake nyepesi kwa ajili ya joto, na sijamwona tena. Namkumbuka kwenye kila sala.

Nilirudi nyumbani mvua za masika zikiwa zimeanza, njia yote ni tope, Baba Twaha amenishika kiunoni. Uso ulikuwa umevimba, mwili umeongezeka bila kula, baridi iliyonilea ilikuwa sasa inaniingia mpaka kwenye meno. Sauti ilikuwa imeanza kutoka, lakini ni nyingine. Nzito, ya kukwaruza, inakatika katikati ya neno. Saumu alinirukia mlangoni akasema, "Mama unaongea kama baba mwenye mafua!" kisha akacheka, kisha akauliza kama inauma, na kwake ikawa imeisha.

Twaha alikuwa jikoni. Nikasimama mlangoni nikasema, "Twaha."

Akaziba masikio kwa viganja vyote viwili. Nikarudia. Akaanza kuguna ule mguno wake wa hatari, akakimbilia kwenye rafu, akaikumbatia simu na waya wake. "Mama," akaiambia. "Mama, tayari. Mama, tayari." Na mama yake, yule wa kwenye rafu, akamjibu kwa sauti laini kabisa, "Haya, vaa viatu." Ilikuwa jioni, hakuna mahali pa kwenda, lakini akavaa.

Nimepasuliwa shingo nikiwa hai, na nasema kwa hakika kwamba kisu hakikuniuma kama viatu vile.

Masika yote yakapita hivyo. Mimi nilipika, nilifua, nilimpigia pasi shati, nilimkorogea uji, na sauti ya zamani ikachukua mengine. Nilikuwa mfanyakazi wa ndani wa sauti yangu mwenyewe. Kila asubuhi nilikaa kwenye kigoda karibu na jiko nikamsikia mwanangu akiipa ile simu shikamoo yangu, nayo ikamjibu kwa madaha, "Marahaba, mwanangu Twaha." Nikijaribu kumjibu mimi anaziba masikio. Na kwa kuwa mimi nina vidonge vya kumeza kila siku maisha yangu yote, kabla sijala, Asha alikuwa ameshaweka pia ukumbusho kwa sauti yangu ya zamani: "Mama Twaha, dawa." Kwa hiyo na mimi nilikuwa naamrishwa na yule mwanamke.

Isitoshe, huku kwetu mtandao na mvua haviivani. Siku moja ukungu ulishuka, mtandao ukakatika, simu ikanyamaza katikati ya kazi. Twaha alisimama mbele ya rafu na kiatu kimoja mguuni, akisema "tayari", mpaka adhana ya adhuhuri. Nilijaribu kumvalisha cha pili, akanipiga teke la kifuani. Si kwa ubaya. Alinipiga kama unavyompiga mtu usiyemjua anayekushika mguu.

Ndani ya nyumba tukaanza kuchokana. Baba Twaha akawa anarudi amechelewa, na nikimuuliza kitu ananijibu, "Usiongee, daktari kasema upumzishe sauti," na nilijua hasemi kwa ajili ya daktari. Bibi akasema labda Twaha apelekwe kwa shemeji yake yeye Bibi, huko Muheza, kwa muda, "mpaka upone." Nikamwambia mama, nikipona ni hivi hivi. Hakuelewa, au alijifanya hajaelewa. Mimi nilikuwa naogopa kitu kimoja tu, na niliogopa hata kukisema: kwamba mwanangu hatanirudia, kwamba atakua akimtii mama wa kwenye rafu na mimi nitakuwa yule mwanamke anayepika.

Kipupwe kilipoingia nikateremka tena kliniki. Benchi la plastiki, shingo zile zile. Daktari akaingiza kimpira chake puani, akaangalia, akasimama dirishani kidogo. "Mama Twaha," akasema, "nadhani tuanze kuizoea hii. Hii ndiyo sauti yako." Nikamshukuru. Nje nilinunua chungwa, nikalimenya, nikakaa nalo mkononi mpaka nikasahau kulila.

Saumu ndiye aliyefungua njia, kwa utundu. Alikuwa anachezea simu, akarekodi sauti yake juu ya ile ya dawa. Kesho yake rafu ikapiga kelele, "Mama Twahaaa, dawaaa!" na kicheko juu. Nikataka kumchapa. Kisha nikamwangalia Twaha. Alikuwa anakunywa uji wake. Hakushtuka. Neno lile halikuwa lake, kwa hiyo sauti ikibadilika hakujali.

Nikafikiri: yapo maneno anayoyahitaji sana na yapo asiyoyahitaji sana. Nianze na yale ya pembeni. Nikampigia Asha, akanielekeza namna ya kufuta na kurekodi. Nikarudi chumba cha viazi. Neno la kwanza nililobadilisha ni "leo ni Jumamosi", lililokuwa linatoka siku ambayo hakuna shule. Likatoka kwenye rafu kwa sauti hii yangu ya kukwaruza. Twaha akainua kichwa, akaitazama simu, akaendelea na mambo yake.

Akina mama, sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Nilibadilisha neno moja, nikasubiri mpaka alizoee, ndipo la pili. "Chukua begi" lilipita. Kwenye "vaa shati" alikaa tumbo wazi kwenye baridi ile ya kipupwe, midomo imekuwa ya kijivu, na mimi nimeshika sweta mkononi, na Baba Twaha ananiambia, "Mrudishie sauti yake, unamtesa mtoto." Nikamjibu kwamba na mimi ninateswa. Kwenye "vaa viatu" aliitupa simu ukutani, kile kioo kilichopasuka kona kikapasuka chote. Mwalimu akatuma ujumbe kuuliza mbona Twaha haonekani. Lakini viazi tulivyopanda vilipokuwa vimeota vizuri, alivaa viatu kwa sauti mpya. Hakuipenda. Alikunja uso kama anayemeza dawa, lakini alivaa. Niliposema mimi mwenyewe kwa mdomo wangu, bado aliziba masikio. Aliikubali ikitoka kwenye rafu tu.

Likabaki neno moja la zamani: "Marahaba, mwanangu Twaha." Hilo nilijaribu kulibadilisha likashindikana. Alijipiga kichwa mlangoni mpaka damu, nikalirudisha siku hiyo hiyo. Nikaliacha mpaka tulipokaribia kuvuna karoti.

Nilimweleza Bibi tukiwa tunachambua maharage. Nikamwambia nafikiri kulifuta kabisa, nisiweke kitu. Simu iseme yote mengine, hilo iwe bubu. Bibi akaokota kijiwe kwenye maharage, akakitupa. "Mimi nilisema isalimiwe, iwe na adabu," akasema. "Sikusema ichukue salamu zako, mwanangu. Marahaba inaitikiwa na mtu." Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kuniomba radhi, na niliipokea.

Baba Twaha nilimweleza kijitoni, tunaosha karoti za kwenda sokoni. Aliacha kusugua. Maji yakawa yanapita kwenye vidole vyake.

"Kabla hujafuta," akasema, "nirushie na mimi kwenye simu yangu."

"Ya nini?"

Akatazama maji. "Mkiwa mmetoka wote, huwa nasimama mbele yake pale jikoni naipa shikamoo. Inanijibu."

Nilicheka mpaka koo likafunga nikakohoa. Mwanaume mzima, mwenye ndevu, anatoa shikamoo kwenye rafu ili aitwe mwanangu Twaha. Halafu kicheko kikageuka. Nilikuwa nimedhani ananikimbia kwa sababu ananichoka. Kumbe na yeye alikuwa anakwenda kwa yule mwanamke mwingine. Niliumia, nikamuonea huruma, nikamkasirikia, vyote kwa pamoja, mikono yangu ikiwa ndani ya maji ya baridi.

"Sikurushii," nikamwambia. "Chochote kilichomo kwenye simu Twaha anakikuta. Na hata asipokikuta. Mimi ndiye niliyebaki, Baba Twaha. Nizoee na wewe."

Akasugua karoti zote, zangu na zake. Tulipopanda kurudi alibeba magunia yote mawili.

Nililifuta mchana, nyumba ikiwa tupu. Kabla ya kulifuta nililisikiliza. Ilikuwa sauti nzuri. Sikuwahi kujua kwamba nina sauti nzuri, hakuna aliyewahi kuniambia. Nilitaka kuisikiliza mara ya pili nikajua nikifanya hivyo sitaifuta, kwa hiyo nikabonyeza. Hakuna mahali pengine ilipo. Hata kwenye harusi yetu hatukurekodi.

Asubuhi yake Twaha akasimama mbele ya rafu, mikono nyuma. "Shikamoo." Rafu kimya. Nikajibu kutoka kwenye kigoda, taratibu, "Marahaba, mwanangu Twaha." Akaziba masikio. Akaiambia simu tena, kwa nguvu zaidi, nami nikajibu tena. Alilia mpaka akatapika uji. Siku hiyo hakwenda shule, na kesho yake hakwenda. Bibi alikuwa anatoka nje ili asione. Baba Twaha alikaa nami jikoni asubuhi zote, hakusema nirudishe, ingawa uso wake ulikuwa unasema. Ikafika mahali nikawa najibu bila hata kuinua macho, kwa uchovu tu, kama mtu anayeitikia dua ndefu.

Kisha ikaja asubuhi moja ya ukungu, Saumu ameshaondoka, mimi nakoroga uji. Twaha akatoa shikamoo yake kwenye rafu. Nikaitikia. Akairudia, nikaitikia. Nikasikia waya unachomolewa. Nikafikiri anaitupa tena, nikakinga kichwa.

Akaja mpaka kwenye kigoda. Akaniwekea simu mapajani, juu ya kanga, akaigonga kioo kwa kidole.

"Mama," akasema. "Mbovu."

Sikuthubutu kusogea. Tangu niliporudi kutoka hospitali neno lile, "Mama", lilikuwa linakwenda kwenye rafu.

"Nini kibovu, mwanangu?" nikamuuliza, kwa sauti hii hii.

Mikono ilipanda kidogo kuelekea masikioni, ikaishia mabegani. "Simu," akasema. "Mama, tengeneza."

Nikaishika ile simu. Nikaigeuza huku, nikaigeuza kule, nikaipuliza, nikaifuta kwa upindo wa kanga, naye amesimama ananiangalia mikono, na uji ukaungua jikoni mbele yangu na sikuinuka.